Hiyo tarehe ya kliniki mnatuandikia ya nini?

Jamani, leo wacha niseme, nisipopasuka nitakuwa na bahati.

Mamangu ana sukari na presha. Kwenye daftari lake la kliniki (lile la shule, tunajinunulia wenyewe dukani) walimwandikia TCA Jumanne, yaani arudi siku hiyo, na chini yake: aje hajala. Saa hawakuandika.

Tumetoka Mtopanga, hapa Mombasa, alfajiri, tuktuk shilingi mia mbili. Tunafika kituoni, benchi zimejaa, na kila niliyemuuliza ana Jumanne hiyo hiyo. Watu wote hao, daktari mmoja! Nambari anagawa askari wa geti, vipande vya katoni vimeandikwa kwa kalamu ya wino. Sisi tukapata 43.

Saa mbili dirisha halijafunguliwa. Saa tatu likafunguliwa, ati sistimu ya SHA, hiyo bima ya afya ya serikali, iko chini, subirini. Tukasubiri. Kuna jamaa alikuja saa nne, akasalimiana na askari, akapita mlango wa nyuma, akatoka na dawa zake ndani ya mfuko. Hakuwa na katoni yeye.

Ilipofika saa tano na nusu bi mkubwa akaanza kutetemeka, jasho linamtiririka mpaka buibui limelowa mgongoni. Mtu wa sukari, hajatia kitu kinywani tangu baada ya isha, mlitaka nimtazame tu? Nikakimbia hapo nje nikamletea chai ya rangi ya sukari na hamri moja. Akala nusu, akatulia.

Saa saba kasoro tukaitwa. Dada wa dirishani hata hakuinua uso kwenye simu. "Amekula?" Nikamweleza yaliyotokea. "Basi hapimwi leo. Arudi Jumanne ijayo."

Nikamwambia, dada, hata presha? Hata daktari amtazame tu, huyu alikuwa anataka kuanguka hapa kwenye benchi lenu! Akaita nambari 44.

Dawa nazo hamna. Metformin ya sukari kanunue nje, ya presha kanunue nje. Na tuliambiwa ukishajisajili SHA, zahanati na vituo vya afya ni bure. Bure ya kitu gani, benchi? Mimi nakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kila mwezi tangu Oktoba 2024, na leo nimepoteza kibarua cha siku nzima.

Nesi simlaumu, nilimuona mwenyewe anakimbia vyumba viwili peke yake. Lakini mnashindwa nini kuandika saa? Kumi waje saa mbili, kumi waje saa nne. Wenye sukari wapimwe mwanzo, wakale. Hilo nalo linangoja bajeti ya kaunti?

Nilitaka kumtafuta msimamizi, mamangu akanishika mkono: "Wacha mwanangu, usigombane nao. Jumanne tutawahitaji tena."

Nyie wa Likoni na Changamwe, kwenu mnaonwa saa ngapi? Kama kuna kituo kinachompima mzee kabla hajazimia nielekezeni, nauli nitatafuta.