Naomba ushauri: EliteBook 840 G1 imechoka, nianze na RAM au SSD?

Zabibu Kavu
Wakuu, habari za kazi. Nina steshenari ndogo Ng'ong'ona, jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Naprinti na kupanga ripoti za fildi za wanafunzi. Mashine ninayoitegemea ni HP EliteBook 840 G1, prosesa i5-4300U, RAM (kumbukumbu ya kazi) 4GB, diski ya kawaida ya 500GB, Windows 10. Asubuhi nikiiwasha nafagia duka lote na bado kiduara kinazunguka. Nikifungua Word na Chrome kwa pamoja inaganda, mteja kasimama mbele yangu. Betri haishiki chaji, umeme ukikatika kazi ya mtu inapotea. Mchana feni inavuma sana.

Fundi mmoja mjini kaniambia niiuze spea. Nina laki moja na nusu, na kwa hela hiyo sipati mashine nyingine ya maana. Nianze na nini? Natanguliza shukrani.

Fundi Nkuhungu
Usiiuze mkuu. Hiyo ni mashine ya kizazi cha 2013, na ina jambo ambalo mpya nyingi hazina: igeuze, sukuma kile kitasa cha chini, mfuniko unatoka bila bisibisi. Diski, RAM na betri zote unaziona hapo.

Anza na SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski yako ina sahani inayozunguka na kichwa kinachohangaika kutafuta vifaili, na Windows ikiwaka inavidai vingi kwa mpigo. Hata ukijaza RAM, foleni hiyo iko palepale. Chukua SSD ya SATA, inchi 2.5, unene milimita 7. Ya 240GB inakutosha.

Ila kabla ya kununua chochote, hamisha kazi za watu leo hii. Kisha pakua programu ya CrystalDiskInfo uone afya ya diski. Ikiwa bluu, iweke kwenye kasha la USB itunze nakala. Ikiwa njano, usiitegemee tena.

Kwenye RAM wengi wanauziwa siyo. Prosesa yako inataka RAM aina ya DDR3L, ya volti 1.35. Soma stika: iwe PC3L, isiwe PC3 tupu. Kwa macho zinafanana na zinaingia sloti ileile, lakini ukiweka ya volti 1.5 mashine haiwaki, halafu utaambiwa bodi imekufa.

Mama Wawili
Hiyo feni ni vumbi letu la kiangazi. Natunza kompyuta za shule huku Kondoa, naliona kila nikifungua: kati ya feni na yale mapezi ya shaba kunakuwa na tandabui nene kama kipande cha blanketi, hewa haipiti. Kupuliza kwa nje hakulitoi. Mwambie fundi aifungue feni, atoe kwa brashi, na apake upya dawa ya joto juu ya prosesa.

Dogo wa Singida
Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yako ni ya 4. Weka Linux Mint badala ya Windows, ni nyepesi na ni bure.

Zabibu Kavu
Nashukuru sana. Mdogo wangu, nakuelewa, ila ripoti zote zinakuja kwa Word. Jedwali likihama ukurasa, mwanafunzi anarudishwa na msimamizi wake.

Nimefungua mfuniko. RAM ni kipande kimoja, PC3L-12800S, sloti ya pili iko wazi. Diski inaonyesha njano.

Fundi Nkuhungu
Basi usiikloni, yaani usihamishe diski nzima kama ilivyo. Nakili mafaili tu, zima, weka SSD na upige Windows upya. Kisha iandikishe kwenye masasisho ya ziada ya usalama, Microsoft wanayatoa hadi 13 Oktoba 2026. Mint iweke kwenye fleshi ya kuwashia: fleshi ya mwanafunzi unayoishuku ina virusi, ifungulie huko kwanza.

Hela ikibaki, ongeza kipande cha 4GB cha PC3L. Betri ni CM03XL, isubiri mwezi ujao. Lakini kama hiyo ya zamani imevimba au padi ya kipanya imeinuka, itoe leo, utumie chaja peke yake. Na kwenye Word weka ijihifadhi kila dakika 1.

Zabibu Kavu
Haijavimba. Nanakili sasa hivi, folda za mwaka wa tatu kwanza.