Ushauri: Nikipiga picha wakimbiaji wote wanaonekana kama wanatembea. Nakosea wapi?

Fundi_Flashi (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla sijauza kamera nikanunua pikipiki.

Mimi ni mpiga picha wa shughuli hapa Moshi: harusi, sendofu, kipaimara, mahafali. Huko najiamini. Sasa kila ikifika mwisho wa Februari mji wetu unajaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, nikasema na mimi nisibaki nyuma. Nikakaa barabara ya kupanda Mweka, jua ndio kwanza linachomoza, nikapiga picha 640. Zilizonunuliwa ni 9. Na katika hizo 9, mbili alichukua shemeji yangu kwa kunionea huruma.

Matatizo ni haya. Miguu: mtu alikuwa anakimbia kama amefukuzwa na nyuki, lakini kwenye picha kakanyaga chini nyayo nzima, kama anaenda dukani kununua chumvi. Nikibonyeza mfululizo napata picha kumi na zote ziko hivyo hivyo! Halafu miguu yenyewe ina ukungu. Sura nazo giza tupu, anga nyuma jeupe. Na mlima Kilimanjaro wenyewe, ambao ndio watu wanausafiria, haumo hata kwenye picha moja.

Kamera ni Canon 1200D, lenzi 75-300 ile ya kawaida na 50mm f/1.8. Shata (kasi ya kamera kufungua na kufunga) nilitaka kupandisha ikagoma 1/200 ya sekunde. Flashi nilikuwa nawasha, maana kulikuwa bado na kigiza. Naombeni mnielekeze, matusi baadaye.

Kijiti_Kavu

Nunua hiyo pikipiki mkuu. 😂

Mzee_wa_Lenzi (Arusha)

Achana na Kijiti. Wewe hukosei sana, umebeba mazoea ya ukumbini ukayapeleka barabarani.

Nianze na flashi. Shata yako haikugoma, ulifungiwa na flashi. Kwenye 1200D ukiinua ile flashi ya juu ya kamera, shata haizidi 1/200. Bwana harusi akikata keki hiyo inatosha na chenji inabaki. Kwa mkimbiaji haitoshi. Piga hesabu: mtu wa kumaliza marathon kwa saa 2 na dakika 10 anakwenda zaidi ya mita 5 kila sekunde. Ndani ya 1/200 mwili wake umesogea karibu sentimita 3, na ule mguu unaorushwa mbele unakwenda kasi kuliko mwili. Ndiyo ukungu unaouona. Zima flashi, isitoshe mtu akiwa mita kumi na tano haimfikii kwa maana yoyote. Geuza kidude cha juu kwenye Tv, ambapo shata unaichagua mwenyewe, weka 1/1000. Asubuhi sana shuka mpaka 1/640 na upandishe ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 1600, hata 3200. Picha itakuwa na chenga kidogo. Hakuna mkimbiaji aliyewahi kukataa picha yake kwa sababu ya chenga, ila yenye ukungu wataikataa wote.

Sasa njoo kwenye picha kumi zinazofanana, maana hapo ndipo nilipocheka peke yangu, na mimi iliniumiza mwaka mzima. Kamera yako inapiga picha 3 kwa sekunde. Mkimbiaji mzuri anapiga hatua kama 180 kwa dakika. Gawa kwa 60. Hatua 3 kwa sekunde! Yaani kamera na mkimbiaji wanacheza ngoma moja. Kama picha ya kwanza imemkuta kakanyaga chini, ya pili itamkuta kakanyaga chini na mguu wa pili, ya tatu vilevile, mpaka atakapokupita. Wa polepole wanapiga hatua pungufu kidogo, 160 hivi, kwa hiyo picha zinahama taratibu sana, na kabla hujafika pazuri mtu kashapita.

Dawa ni kuacha kubonyeza mfululizo. Mwangalie mtu anakuja, ihesabu ngoma yake kichwani, tatu nne tano, halafu bonyeza mara moja pale mguu wa nyuma unapoisukuma lami. Kamera inachelewa kidogo kuitika, kwa hiyo ukibonyeza wakati wa kusukuma utamkuta hewani, miguu yote miwili imepaa. Kama umewahi kusubiri mtu aliyebebwa juu kwenye ngoma ya harusi ndipo upige, basi kazi hii unaijua.

Kwa kulinganisha tu: Septemba 2025 kule Tokyo mkimbiaji wetu Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathon kwa tofauti ya sekunde 0.03, yeye na Petros wa Ujerumani wote wameandikiwa 2:09:48. Kati ya picha yako moja na inayofuata, Simbu angeshinda mara kumi na moja. Ndiyo maana mstari wa mwisho unawekewa kamera ya aina yake, siyo 1200D.

Fundi_Flashi

Mzee, nimesoma mara tatu. Hatua tatu kwa sekunde!! Nilishaipeleka kamera kwa fundi nikidhani ina ugonjwa.

Na fokasi je? Nilikuwa natumia One Shot.

Mzee_wa_Lenzi (Arusha)

One Shot inashika fokasi mara moja inalala. Mtu kashasogea. Weka AI Servo, ile inayomfuata mtu akisogea, tumia kidoti cha katikati peke yake, kiweke kifuani, kitufe kibonyeze nusu na usiondoe kidole. Lakini lenzi hiyo ya 75-300 ni nzito kufuata, tusidanganyane. Kwa hiyo ikikushinda chagua ufa au kiraka kwenye lami, shika fokasi hapo, sogeza kitufe cha lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono), subiri mtu akanyage kiraka. Kwa 200mm na f/5.6, ukiwa mita 15, sehemu inayotoka kali ni kama mita moja tu, kwa hiyo bonyeza akiwa anakaribia kiraka, usingoje akipite.

Binti_wa_Lami (Dar)

Mimi nipo upande wa pili wa kamera, nakimbia nusu marathon. Naomba niwaambie kwa nini hatununui, maana naona mnaongelea shata tu.

Kaka Fundi, ulikaa mlimani tunapopanda. Pale Mweka hakuna binadamu anayepanda akiwa mzuri. Midomo wazi, macho yamelegea, mwingine anatembea kabisa na anajificha asionekane. Nani anunue picha hiyo aibandike wapi? Kaa tunaposhuka. Mtu akishageuza anajua kilichobaki ni kuteremka mjini, anatabasamu mwenyewe bila kuambiwa, na hatua zinakuwa ndefu.

Pili, namba ya kifuani. Isipoonekana nitajipataje kwenye picha 640? Mwaka fulani nilishuka picha moja moja kwenye simu mpaka bando likaisha. Panga kwa namba, au hata kwa muda: waliopita saa moja na nusu mpaka saa mbili, folda yao. Na peleka siku hiyo hiyo jioni. Jumatatu tumeshaweka za simu.

Tatu, na hili nalisema kwa heshima. Kuna wapiga picha wanalala chini barabarani wanapiga kuelekea juu. Kwa mwanaume labda inapendeza. Sisi wadada hatupendi, na tukiikuta mtandaoni hatunyamazi. Piga usawa wa kiuno au kifua, umepiga magoti, inatosha. Flashi machoni alfajiri nayo naomba muizike, nilishawahi kukanyaga shimo kwa ajili yake.

Kijiti_Kavu

Kwa hiyo tunatakiwa tupige wanaotabasamu tu? Hizo ni picha za pasipoti sasa.

Binti_wa_Lami (Dar)

Ulipie wewe basi zile za kulia.

Mwalimu_Mstaafu

Vijana, shikamooni zenu nimezipokea ingawa hamjazitoa.

Kijiti ana hoja, amekosa tu adabu ya kuieleza. Mimi nimekua na picha ya Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathon kwenye Olimpiki ya Mexico 1968. Alianguka njiani, akaingia uwanjani goti limefungwa bandeji, mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia ameshamaliza zaidi ya saa nzima kabla yake, nje giza limeingia. Miguu haijapaa. Tabasamu hakuna. Na ndiyo picha ya mkimbiaji inayokumbukwa kuliko zote katika nchi hii. Kwa hiyo mwanangu Fundi, za kuuza piga kama binti anavyosema. Lakini yule wa mwisho kabisa, ambaye gari la wagonjwa linamfuata kwa nyuma, usifunge begi kabla hajapita.

Fundi_Flashi

Shikamoo mwalimu. Kweli, nilifunga begi saa nne kasoro.

Kiplaka (Iten)

Salamu kutoka Kenya. Hapa Iten tuko kama mita 2,400 juu, na sisi tunapiga wakimbiaji wakiwa mazoezini, si siku ya mbio. Ningekushauri uanzie huko. Siku ya mbio kila kitu kinapita mara moja, lakini klabu ya mazoezi iko kila wiki, ukikosea leo unarudi kesho.

Mambo mawili ya huku. Alhamisi wanariadha wana fatleki, mazoezi ya kukimbia kwa kubadilisha kasi, kwa barabara za udongo mwekundu, kundi ni kubwa mno, vumbi linaruka. Wapiga picha wengi hukimbia kutoka hilo vumbi. Mimi hukaa jua likiwa nyuma yao, chini kabisa, na vumbi linawaka kama moshi wa dhahabu. Hapo sura itakuwa giza lakini umbo linaongea. Lenzi yako ifunike na mfuko wa nailoni, hilo vumbi halina huruma, na usibadilishe lenzi hapo kamwe.

La pili ni ruhusa. Hakuna anayekuzuia barabarani, lakini ongea na kocha kwanza. Mwanariadha akikujua hakuangalii, anaendelea na kazi yake. Asiyekujua atageuza uso kila akifika kwako.

Mzee_wa_Lenzi (Arusha)

Hapo kwenye sura giza nimkumbushe Fundi. Kamera ikiona anga jeupe nyuma ya mtu mweusi inadhani mwanga ni mwingi, inapunguza. Wewe ongeza kwa kile kitufe cha +/-, anza na +2/3, nenda mpaka +1. Anga litaungua kidogo, liache liungue. Mteja hanunui anga.

Fundi_Flashi

Na mlima? Hakuna aliyenijibu kuhusu mlima.

Mchagga_wa_Kibosho

Kijana unaishi Moshi kweli? 😂 Mlima uko kaskazini. Watu wanaopanda Mweka wanauelekea. Ili uone sura zao lazima wewe utazame kusini, kwa hiyo Kibo, kilele chenyewe, ulikuwa umeipa mgongo asubuhi nzima. Wakishuka ndio unatazama kaskazini, sura zao zinakuja kwako, mlima uko nyuma yao, na jua linatoka mashariki linawapiga ubavuni. Dada wa Lami alishakupa jibu bila kujua.

Ila wahi. Mlima wetu una aibu, asubuhi sana uko wazi, jua likipanda unajifunika mawingu. Na tafuta sehemu ambayo migomba haijaziba, ukiona nafasi ya wazi kwenye kona ndiyo hiyo hiyo. Usitumie 300mm hapo, utapata kipande cha theluji na sikio la mtu. 75 hivi inatosha.

Fundi_Flashi

Wakuu, naleta mrejesho. Jumapili nimekwenda na klabu moja ya jogingi ya hapa mjini, nimeongea na mwenyekiti wao kwanza kama alivyosema ndugu wa Iten. Wamepanda, nikabaki chini nawangoja, nikaona hata aibu kukaa kitako wenzangu wanahema.

Nimepiga 212 tu. Moja moja. Mwanzoni nilikuwa nawahi, mtu kanyanyua goti juu lakini mguu wa nyuma bado uko ardhini. Kama picha ya thelathini hivi ngoma ikaniingia, nikawa nahesabu kwa sauti mpaka mama mmoja mwenye ndizi akaniuliza nadaiwa shilingi ngapi. Kumi na nne zimetoka miguu yote hewani kabisa! Zingine kama ishirini na tano nzuri tu. AI Servo kwenye lenzi hii imenishinda kweli, nikatumia kiraka cha lami. +1 imefanya kazi, sura zinaonekana mpaka jasho.

Mlima nimeupata kwenye picha sita. Saa mbili na nusu ulikuwa umeshaondoka.

Bado nina tatizo moja: wengi mkono wa mbele unaziba namba. Na shemeji kaona hizi mpya, anataka zile mbili za mwanzo nimrudishie hela yake.

Binti_wa_Lami (Dar)

Hongera kaka! Kuhusu mkono, usisimame mbele yetu sawasawa, sogea pembeni hatua tatu nne, mtu akija kwa mshazari mkono mmoja unakwenda nyuma na namba inabaki wazi. Mwakani nakuja, nitavaa kofia ya njano. Na shemeji mrudishie.