Nimelipa tiketi kupitia kampuni ya kati, hela imetoka benki, tiketi hamna. Nani anabeba hasara?

Wa_Kusini:
Wakuu habari za jioni. Niko Ujerumani nasoma, mwaka wa pili huu. Jumatatu usiku nilikuwa nakata tiketi ya ndege ya kwenda Dar kwenye tovuti ya wakala mmoja, kadi ya mkopo sina, nikachagua kulipa moja kwa moja kutoka benki, basi ikanihamisha mpaka kwa kampuni nyingine kabisa, nikachagua benki yangu kwenye orodha, wakaomba namba ya kuingilia na PIN ile ile ya benki, nikaweka, simu ikaita nikathibitisha. Yuro 640 zikatoka. Ukurasa ukaganda hapo hapo, kale kaduara kanazunguka tu. Leo Alhamisi tiketi haijaja, wakala anasema hajaona hela, kampuni ya kati hawapokei simu, benki wananiambia "umethibitisha mwenyewe". Hii hela nimeidunduliza tangu Februari kwa kuosha vyombo hotelini jamani. Nani anawajibika hapa? Na wale jamaa PIN yangu si wanayo sasa?

Mzee_wa_Hamburg:
Pole sana mdogo wangu. Kabla hujaendelea kusoma badilisha PIN, halafu ingia kwenye apu ya benki uangalie kama kuna simu usiyoijua imesajiliwa kupokea TAN, yaani ile namba ya mara moja ya kuthibitisha malipo. Ukikuta kitu cha ajabu piga 116 116, namba ya dharura ya kufunga kadi na akaunti, wafunge kila kitu, iko wazi usiku na mchana.
Hilo swali lako la PIN limeanza zamani hapa. Kulikuwa na huduma ya Sofort, Klarna ya Sweden ikainunua 2014, nayo ilikuwa inafanya hivyo hivyo, unaandika PIN na TAN kwao wanaingia benki kwa niaba yako. Mabenki kwenye masharti yao walikataza kabisa kumpa mtu wa nje PIN. 2015 mahakama ya Frankfurt ikasema muuza tiketi hawezi kuifanya hiyo iwe njia pekee isiyo na ada ya ziada, na 2017 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikakazia. Ila 2016 mamlaka ya ushindani nayo ilishasema lile katazo la mabenki linazibana hizo kampuni kinyume cha sheria. Sasa mteja ashike lipi!

Binti_Mvita:
Mimi hiki kitu sijawahi kukizoea. Nyumbani ukilipa na M-Pesa dukani, kale kamenyu kanaruka kwenye simu yako, unaweka PIN kwenye simu yako, mwenye duka haioni ng'o. Hapa Uholanzi iDEAL, mfumo wa kulipa mtandaoni, inakupeleka kwenye apu ya benki yako mwenyewe unathibitisha humo. Ukurasa wa mtu mwingine ukiniomba PIN ya benki, nafunga naondoka, hata kama tiketi ni ya bei poa.

kijana_wa_Köln:
Mbona natumia hizo huduma miaka mitano sijawahi kupoteza hata senti, kampuni zina leseni zile

Dada_Malipo:
Kijana, leseni ni kweli wanatakiwa kuwa nayo, tangu Januari 2018 sheria ya Ulaya ya PSD2 imeanza kutumika, benki hawawezi tena kukukataza kuzitumia na kampuni zenyewe hawaruhusiwi kuhifadhi PIN yako. Lakini PIN ukiiandika kwenye ukurasa wa mwizi uliofananishwa na wa kwao, hiyo leseni haikusaidii.
Wa_Kusini, mimi nashughulikia malalamiko ya malipo kazini kwa hiyo nisikilize vizuri. Kama hela imetoka bila idhini yako, unaidai benki YAKO, siyo kampuni ya kati, na benki inatakiwa kurudisha kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha, wewe ubebe yuro 50 kwa juu kabisa isipokuwa waonyeshe kwamba ulifanya uzembe mkubwa. Wao na kampuni ya kati watamalizana wenyewe. Na kama uliidhinisha ila malipo yakapotelea njiani, bado unaanza na benki hiyo hiyo. Hilo jibu la "umethibitisha mwenyewe" mwambie akuandikie, rekodi ya TAN peke yake si lazima iwe ushahidi tosha.
Ila kama hela ilifika salama kwa wakala, benki haina kosa, na uhamisho wa hivi hauvutwi nyuma kama kadi. Ungelipa kwa Lastschrift, ile ya muuzaji kuvuta hela mwenyewe kwenye akaunti yako kwa ruhusa yako, ungekuwa na wiki nane za kuirudisha bila kuulizwa sababu. Fungua taarifa ya akaunti, tusomee jina la mpokeaji.

Wa_Kusini:
PIN nimebadilisha, simu ngeni hamna, Mungu mkubwa. Mpokeaji ni wakala kweli, jina lake kamili, hela imeingia Jumanne na namba ya oda ipo. Nimewatumia skrinshoti, wamejibu sasa hivi kwamba wameiona, lakini oda ilijifuta yenyewe baada ya saa moja na bei imepanda, wanataka niongeze 95.

Dada_Malipo:
Usiongeze. Waandikie leo kwamba ulilipa bei waliyokupa na hela wanayo, watoe tiketi ile ile au warudishe 640 yote ndani ya siku 14, taja tarehe kabisa. Ambatanisha taarifa ya benki na barua pepe yao wanayokiri kuiona hela, hiyo ndiyo ya kuitunza kuliko zote. Wakizungusha nenda Verbraucherzentrale, kituo cha kutetea wateja, ya mjini kwako na karatasi zote, na upige chapa, usitegemee kuwaonyesha kwenye simu.

Mzee_wa_Hamburg:
Kama barua ya Kijerumani inakusumbua niandikie inboksi leo usiku, tutaiandika pamoja.