Kocha kamwacha kijana wangu usiku wa kuamkia kusaini, naombeni ushauri

Mtu wa Mlandizi (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Niko Texas, naendesha malori, mwaka wa 16 huu. Kijana wangu wa kwanza anamaliza sekondari Mei. Anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti, nafasi yake ni pembeni kwenye safu ya ulinzi, kazi yake kumfukuzia kwotabeki, yaani mrusha mpira wa timu pinzani. Ana sentimita 190 na kilo 104.

Juni tulimpeleka kambi ya chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo. Baada ya mazoezi kocha akamshika bega mbele yangu, akasema: nafasi yako ipo, ufadhili kamili. Tukarudi nyumbani usiku ule tunaimba kwenye gari. Vyuo vingine vilipopiga simu, kijana akawajibu ameshapata chuo.

Siku ya kusaini na chuo ilikuwa Jumatano tarehe 3 Desemba 2025. Jumanne saa mbili usiku ukaingia ujumbe, mistari minne. Kwamba kwenye nafasi yake wameamua kutafuta watu waliokomaa, wanasubiri potali ya uhamisho, ule mfumo wa wachezaji wanaohama vyuo, ifunguliwe Januari, na yeye anakaribishwa kuja kwa gharama zake mwenyewe. Mama yake alikuwa amemaliza kunyoosha shati. Keki yenye rangi za chuo ilikuwa kwenye friji. Nimeitoa jana, haikuguswa.

Swali langu: asubiri mwaka mmoja ajinoe kisha ajaribu tena, au aende hivyo hivyo bila ufadhili? Sijalala vizuri wiki nzima.

Kobe wa Temeke

Mrudishe Bongo mkuu, kilo 104 beki wa kati safi kabisa. Washambuliaji watakuwa wanaomba ruhusa kupita.

Shangazi Nesi

Pole sana baba. Lakini mimi nasema kila siku, watoto wetu wasome. Binti yangu alikuwa anakimbia mita 400, nikamwambia miguu huisha, cheti hakiishi. Leo ni nesi Houston, zamu ya usiku, analipa nyumba yake mwenyewe. Mpira ni mchezo, jamani. Mwache mtoto aende chuo cha karibu na nyumbani asome kitu cha mkono.

Fundi wa Ohio

Mleta mada, pole. Nimefanya kazi miaka sita chumba cha vifaa cha timu ya chuo, kugawa helmeti, kufua jezi, kubandika majina kwenye makabati. Ngoja nikueleze nilichokiona kwa macho, kwa sababu huenda unadhani kijana wako ana kasoro.

Zamani mchezaji akihama chuo kwenda chuo alikaa benchi mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kucheza. Kwa hiyo kuhama kulikuwa na gharama, na kocha akitaka mtu ilimbidi amlee toka sekondari. 2018 ikaja potali, mchezaji anaandika jina lake mle na chuo chochote kinaweza kumpigia. 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaruhusu kuhama mara moja bila kukaa benchi. Wakaja wakashtakiwa, mahakama ya West Virginia ikawabana Desemba 2023, na Aprili 2024 wakafungua kabisa: hama mara ngapi utakavyo, mradi masomo yako yako sawa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilibandua majina manne Januari. Mwaka wa mwisho nilibandua 27, na 27 mengine yakaingia kabla Februari haijaisha. Vichwa vya wale wapya nilivipima mwenyewe kwa ajili ya helmeti: wanaume wa miaka 22, 23, wengine na wake zao. Sasa jiweke kwenye kiti cha kocha. Ana mkataba wa kushinda msimu huu. Atamchukua wa miaka 18 amlee miaka mitatu, halafu akiiva ahamie kwa jirani anayelipa zaidi? Toka Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huu wa kwanza, kwa michezo yote, na kikosi kimewekewa kikomo cha watu 105. Huko nyuma timu zilikuwa zinabeba hata 120, na wale wa mwisho mwisho ndio walikuwa watoto kama wako, wanalelewa taratibu. Hiyo nafasi ya mwisho mwisho imekatwa.

Kwa hiyo ule ujumbe ni hesabu tu, japo umeandikwa bila utu. Nakuuliza mambo mawili. Hana ofa nyingine hata moja? Na kusubiri mwaka atasubiria wapi?

Mkenya wa Minnesota

Buda pole. Usikate tamaa, sisi watu wa huku tumeshafika mbali. Rees Odhiambo alizaliwa Nairobi, akacheza Boise State, akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Seattle Seahawks 2016, raundi ya tatu ya kuchagua wachezaji. Daniel Adongo alitoka raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts, nayo timu ya kulipwa. Mpwa wangu pia alikuwa raga, Nakuru, akaja huku wakampa helmeti, siku ya kwanza akaivaa akasema haoni, akarudi raga. Sasa hivi ana kampuni ya kusafisha theluji na anaajiri watu sita.

Mtu wa Mlandizi

Asanteni wote. Fundi, umeniondolea kitu moyoni, maana kijana anajiuliza amekosea wapi. Kuhusu ofa nyingine, kulikuwa na mazungumzo ya hapa na pale, si ya kuzingatia. Mnaonaje, akijinoa mwaka mmoja akaongeza kilo saba hivi, si atarudi na nguvu?

Fundi wa Ohio

Mkuu, "mazungumzo ya hapa na pale" ni nini? Chuo gani, daraja gani, wanatoa nini, mwisho lini? Huwezi kumwambia daktari mguu unauma halafu ukauficha chini ya meza.

Shangazi Nesi

Na swali la pili hukulijibu baba. Atasubiria wapi?

Mtu wa Mlandizi

Sawa. Naomba msinishambulie.

Kuna chuo cha Divisheni ya Pili, Kansas. Kocha wao alikuja mpaka hapa nyumbani Oktoba, akala wali na maharage ya nazi, akaomba aongezwe. Wanatoa ufadhili wa asilimia 70. Nilimwambia tarehe 4, mimi mwenyewe, kwamba hatuji.

Na siku hiyo hiyo nililipa akademi ya mwaka mmoja, jimbo jingine. Anakaa kule, anafanya mazoezi, wanamtengenezea klipu, halafu anajitokeza upya. Malipo ya kwanza dola 8,000. Nilikuwa na kiwanja Mlandizi, nimekiuza.

Najua mtasema nini. Lakini huwezi kumtoa mtoto kwenye ufadhili kamili ukampeleka chuo ambacho hata marafiki zake hawakijui. Na sheria hizi hizi mnazosema zinambana ndizo zinazoinua watu. Angalieni tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo: Caleb Williams 2022, Jayden Daniels 2023, Travis Hunter 2024, wote walihama. Mtu siku hizi anapanda kwa kuhama.

Kobe wa Temeke

Kiwanja ukubwa gani mkuu? Kilikuwa na hati?

Fundi wa Ohio

Hao watatu uliowataja, kila mmoja alihama kutoka chuo kwenda chuo. Williams alitoka Oklahoma, Daniels Arizona State, Hunter Jackson State. Hakuna aliyetoka akademi ya kusubiri. Potali ni ya mtu ambaye tayari anacheza chuoni. Kocha anafungua kompyuta anaangalia dakika ulizocheza dhidi ya watu wazima. Klipu ya akademi haina uzito huo.

Ukitaka mfano, nakupa wa jimbo lako hilo hilo. Cam Ward, kijana wa West Columbia. Vyuo vikubwa havikumtaka, akaingia Incarnate Word pale San Antonio, chuo ambacho hata hapo Texas wapo wasiokijua. Akacheza. Akahamia Washington State, akahamia Miami, na Aprili 2025 akachaguliwa wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wote wa vyuo, na timu ya kulipwa ya Tennessee Titans. Aliingia kwa mlango mdogo ili awe ndani.

Na asilimia 70 Divisheni ya Pili si kitu cha kudharau hata kidogo. Timu nzima ina fungu la ufadhili 36, wanalikatakata vipande kwa wachezaji wote. Kukupa asilimia 70 maana yake wanategemea ucheze.

Macho Kodo

Samahani wadau, mimi hii naona chai. Mleta mada amejiunga mwezi huu huu. Mara kocha kala maharage ya nazi, mara kiwanja, mara akademi ya dola 8,000. Huu ni mtego wa kutangaza akademi. Subirini, sasa hivi atatokea mtu kuomba namba.

Pwani Raha

Mleta mada naomba namba ya hiyo akademi inbox, nina kijana wa miaka 16 hapa Atlanta.

Macho Kodo

Si niliwaambia!

Kobe wa Temeke

Hahaha, chai ina hadi tangawizi. Fundi na mleta mada ni mtu mmoja, mnajibizana wenyewe.

Mkenya wa Minnesota

Hata mimi nimeanza kushuku. Mtu anauza kiwanja halafu ndio anauliza?

Mtu wa Mlandizi

Nimejiunga mwezi huu kwa sababu mwezi huu ndio nimepata shida. Siwezi kuweka jina la mtoto hapa wala picha ya ujumbe, ana miaka 17 na wenzake shuleni wanasoma kila kitu. Ila nawaambia hivi. Ile kofia ya chuo aliyopewa Juni hajawahi kuivaa, alikuwa anaitunza ndani ya mfuko wake wa plastiki ili iwe mpya siku ya kusaini. Ijumaa nilitoa takataka nikaikuta chini kabisa, ameifunika na maganda ya ndizi ili mama yake asiione. Nimeitoa nikaisafisha, iko kwenye lori. Sijui naitunza ya nini.

Akademi sitaitaja jina, Pwani Raha naomba unisamehe. Sitaki mzazi mwingine aende huko kwa sababu yangu kabla sijajua nimefanya nini.

Macho Kodo

Basi sawa.

Shangazi Nesi

Baba, acha kubishana na watu wa mtandaoni. Niliongea habari za unesi, nilikosea, hukuuliza hilo. Kachukue karatasi uliyosaini ya hiyo akademi, soma sehemu ya kurudishiwa pesa. Sasa hivi, kabla hujalala. Na uangalie kama masomo ya huko yanatambuliwa na NCAA. Kwa binti yangu tuliambiwa masomo 16 ya msingi ndiyo yanayohesabiwa, na mengi lazima yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari.

Fundi wa Ohio

Anachosema Shangazi. Halafu mpigie kocha wa Kansas usiku huu. Usimwandikie, mpigie. Potali inafunguliwa tarehe 2 Januari na kufungwa tarehe 16. Vijana watakaokosa nafasi juu wataanza kushuka chini, na yeye atajaza hiyo nafasi kwa mtu wa miaka 21. Una wiki tatu tu, pengine pungufu.

Mtu wa Mlandizi

Nimesoma karatasi. Kurudishiwa ni ndani ya siku 10 tangu malipo, wanakata dola 500. Leo ni ya tano. Masomo wanayofundisha yameandikwa "ya maandalizi", hakuna mahali wametaja NCAA. Nilisaini kwenye simu nikiwa kituo cha mafuta, sikusoma.

Ninachowaza ni kumwambia mama yake. Kiwanja kile tulikinunua wote.

Shangazi Nesi

Kumbe hajui? Baba!

Mtu wa Mlandizi

Sasa anajua. Amekaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza simu ya yule kocha aliyependa maharage iko wapi.

Nimepiga. Amepokea mara ya pili. Nikaanza kujieleza, akanikatiza kwa heshima tu, akasema nafasi ipo lakini kuna kijana mwingine wanayemtazama, na kwamba jibu la mara hii anataka alisikie kwa kijana mwenyewe, si kwa baba yake.

Nimemwamsha. Yuko jikoni, amesimama pembeni ya friji, hajavaa viatu, anaongea naye. Mimi niko huku sebuleni na mama yake. Namsikia anasema "ndiyo, kocha" lakini sijui anaulizwa nini.