MJADALA: Watoto wadogo watolewe darasani kwenda kwenye vikundi vya hisia?

Mtoa mada:

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linagusa watoto ambao bado hawawezi kujisemea. Shule nyingi sasa zinawatoa darasani watoto wa miaka 5 hadi 8, wachache wachache, mara moja au mbili kwa wiki. Wanakaa na mtu mzima mmoja, wanazungumza na kucheza kuhusu hasira, woga, huzuni na namna ya kuishi na wenzao. Kuna wazazi wanaoshukuru sana, na kuna wanaosema shule imeacha kufundisha kusoma na kuhesabu, sasa inachimba mioyo ya watoto.

Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi na msimamo wangu ni huu: vikundi viwepo, lakini namna tunavyochagua watoto wa kuingia humo ni mbaya, na isiporekebishwa ni bora visiwepo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mwalimu anaombwa majina ya wasumbufu. Anaandika wale wanaopiga wenzao, wanaorusha viti, wanaotoroka darasani. Wanakusanywa chumba kimoja, kisha tunasubiri watoke wametulia.

Mwaka 1999 watafiti Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walichapisha makala iliyowashtua wengi. Walionyesha kwamba baadhi ya programu zilizowakusanya pamoja vijana wenye tabia hatarishi ziliongeza tabia zilezile zilizokusudiwa kupunguzwa. Kijana mmoja anasimulia ukorofi wake, wenzake wanacheka, na kicheko hicho kinamfundisha kuliko maneno yote ya mshauri. Wale walikuwa vijana, si watoto wadogo, na sitaki kuuvuta utafiti wao mbali kuliko unavyofika. Ila hata mtoto wa miaka 6 anajua nani anachekewa, na anajua amepelekwa chumba gani na akina nani.

Sasa tazameni mfano mwingine. Marjorie Boxall, mwanasaikolojia wa elimu, alianzisha vikundi vya malezi katika shule za London mwishoni mwa miaka ya 1960. Kikundi kilikuwa na watoto kama 10 au 12 na watu wazima wawili. Chumba kilipangwa nusu kama darasa na nusu kama sebule. Walikula pamoja, walisubiri zamu, waliwaona watu wazima wawili wakishauriana bila kugombana. Walichanganywa watoto wa kelele na watoto wa kujikunyata. Kila mtoto alibaki na darasa lake la kawaida, na lengo lilikuwa arudi huko moja kwa moja baada ya mihula michache. Hicho ndicho ninachokitetea. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza, mzazi:

Asante mwalimu, lakini umeanza na watafiti, mimi nianze na mlango wa nyumba yangu. Mwanangu alikuwa kwenye kikundi kwa wiki kadhaa kabla sijajua. Nilijua kwa sababu mtoto wa jirani alimwambia, "Wewe unaenda kule kwa wenye matatizo." Hakuna aliyeniuliza, wala kuniambia anasaidiwa kitu gani. Na kule ndani wanaulizwa nini? Mtoto wa miaka 6 hana kizuizi mdomoni. Ataeleza baba alivyopandisha sauti jana, nani hakurudi nyumbani, nani analia usiku. Watoto wengine watano wanasikia, wanayabeba kwenda kwao. Mnaiita faragha ipi? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa mtoto haki ya kulindwa faragha yake na ya familia yake, na sioni kama haki hiyo inakoma getini pa shule.

Mchangiaji wa pili, mwalimu mkuu mstaafu:

Namuunga mkono mama hapo juu, kwa sababu nyingine. Kwa nini tuwatoe wachache wakati darasa zima linahitaji? Mwaka 2011 Joseph Durlak na wenzake walikusanya matokeo ya programu 213 za kuwafundisha wanafunzi wote stadi za kijamii na kihisia, wanafunzi zaidi ya 270,000. Tabia ziliboreka na hata masomo yalipanda, na walimu wa kawaida waliweza kuziendesha vizuri. Mwalimu anayesalimia kila mtoto kwa jina, anayefundisha darasa lote kuomba radhi na kutulia kabla ya kujibu, hahitaji chumba cha pembeni. Chumba hicho kikishakuwepo, walimu wanajifunza kutuma watoto badala ya kuwalea. Nimeliona hilo kwa macho yangu: mtoto akianza kulia tu, "mpelekeni kule."

Mchangiaji wa tatu, mzazi:

Naomba niulize kinachonisumbua. Je, kuongelea huzuni kila wiki hakumfanyi mtoto awe na huzuni zaidi? Uingereza walifanya utafiti mkubwa wa mazoezi ya utulivu wa akili mashuleni, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14, na matokeo ya 2022 hayakuonyesha faida kuliko vipindi walivyokuwa navyo tayari. Kama kwa wakubwa haikusaidia, mnawafanyia nini wadogo?

Mchangiaji wa nne, mshauri nasaha wa shule:

Naona tunagombana kuhusu kitu ambacho wengi hawajakiona, kwa hiyo niwaeleze kipindi chenyewe kinavyokwenda pale kinapoendeshwa vizuri. Chumba ni kilekile, saa ileile, mtu mzima yuleyule. Kwa mtoto ambaye maisha yake yanabadilikabadilika, hiyo peke yake ni nusu ya kazi. Tunaanza kwa namna ileile kila mara, labda kila mmoja anachagua picha ya uso inayofanana na alivyoamka. Anayetaka kupita anapita, halazimishwi. Kisha kuna mchezo wa zamu, kwa sababu hasira nyingi za watoto wadogo zinaanzia kwenye zamu. Mwanasesere anapoteza mchezo, anakasirika, watoto wanamshauri afanye nini. Mtoto anayesema "ahesabu pumzi kwanza" kwa mwanasesere ameshaanza kujishauri mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza habari za baba yake.

Ndiyo maana sikubaliani kwamba tunachimba mambo ya nyumbani. Swali la "nyumbani kukoje?" halina nafasi kwenye kikundi. Mtoto akianza mwenyewe, anaambiwa kwa upole, "Hilo ni zito, tutaongea mimi na wewe baadaye," na baadaye inatimizwa siku hiyohiyo. Wala hatumwahidi siri. Akieleza kwamba anaumizwa, taratibu za ulinzi wa mtoto zinaanza mara moja. Anayeahidi siri kwa mtoto hafai kazi hii.

Ndugu uliyeuliza kuhusu huzuni, wale walifundishwa darasa zima, na ni wakubwa kuliko hawa. Hata hivyo hofu yako nailewa. Kipindi cha kukaa na kuchambua maumivu sikitaki hata mimi kwa mtoto wa miaka 6. Lakini kucheza, kushindwa mchezo na kubaki salama si kuchambua maumivu.

Mwalimu mkuu, nakuheshimu, ila darasa zima halimfikii mtoto mmoja: yule kimya. Hapigi, harushi kitu, daftari lake ni safi. Hukaa pembeni wakati wa mapumziko, tumbo linamuuma kila Jumatatu. Jina lake haliingii kwenye orodha yoyote ya wasumbufu. Kwenye kikundi cha watoto sita, sauti yake inasikika kwa mara ya kwanza.

Mtoa mada:

Mshauri amegusa moyo wa hoja yangu. Mtoto kimya na mtoto wa fujo wakikaa pamoja, na mwenzao mmoja au wawili wanaocheza vizuri tu, kila mmoja anaona mfano ambao hana. Tena lile jina la "wenye matatizo" linakosa pa kushika, kwa sababu ndani yumo mtoto ambaye kila mtu anataka kukaa naye.

Mama, kuhusu kutoulizwa, sina utetezi wowote kwa shule hiyo. Mzazi aitwe kabla, aonyeshwe chumba, aambiwe mtoto wake anasaidiwa nini na kwa muda gani, na akikataa asionekane adui.

Mzee wetu, kutuma watoto ili kuwaondoa machoni ni kosa la kweli. Dawa yake naiona hapa: mwalimu wa darasa aingie kwenye kikundi mara kwa mara, na kila kinachofundishwa kule, kama lile zoezi la pumzi, kitumike darasani na watoto wote.

Mchangiaji wa kwanza:

Hilo la kuchanganya nimelielewa. Lakini tuseme mimi ndiye mzazi wa yule mtoto anayecheza vizuri. Kwa nini mwanangu apoteze somo ili awe mfano kwa wengine?

Mtoa mada:

Swali la haki kabisa, mama. Asipoteze somo la kusoma wala la hesabu, na asinyang'anywe mapumziko, maana shule nyingine huvizia huko. Kisha watoto wa aina yake wapokezane kila muhula, asibebeshwe mmoja mwaka mzima. Na kama ukisema hapana, basi ni hapana, atafutwe mwingine.