Tairi za A/T (za njia zote, lami na vumbi) za bei nafuu kwa pikapu za milimani: tupeane uzoefu

Shamba Viazi
Kamwene wadau. Nina Hilux ya zamani, kazi yake kushusha viazi kutoka Matamba hadi Chimala. Tairi za nyuma ni vipara. Jana pale kwenye kona za Hamsini na Saba nimeona Canter yenye mzigo inarudi kinyumenyume, utingo anakimbia na jiwe mkononi kutafuta gurudumu. Nimelala na ile picha. Saizi ni 205R16. M/T, zile za meno makubwa ya tope, siziwezi, kwa bei na kwa makelele yake kwenye lami. Mlionunua A/T za bei rahisi, zimewafikisha wapi?

Fundi Pancha
Kaka, usianze na meno, anza na ubavu. Kuna 205R16 yenye namba 104, hiyo inabeba kilo 900 kwa tairi moja. Kuna 205R16C yenye 110, hiyo ni kilo 1,060. Zote dukani utaambiwa A/T. Lumbesa zako zinataka yenye C. Halafu tazama tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni: 1421 ni wiki ya 14, mwaka 2021. Tairi iliyozeeka stoo inaitwa mpya vilevile.

Mnyalu wa Mafinga
Chukua mtumba wa Japani, usiumize kichwa.

Duka Mwanjelwa
Mtumba upi? Nyingi ni za theluji, ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Mpira laini. Kwenye lami ya Igawa jua likiwaka zinaliwa kama sabuni.

Mnyalu wa Mafinga
Sema tu unauza mpya.

Duka Mwanjelwa
Nauza, kwani ni dhambi?

Mama Kikondo
Mmenikumbusha mbali. Tulikuwa tunampeleka marehemu baba mdogo Makete, tumepitia Isyonje, ni masika. Pikapu ya kukodi, A/T mpya kabisa, dereva anazisifia tangu Uyole. Kupita Kikondo ukungu ukashuka, hata boneti huioni. Kwenye kona moja matako ya gari yakaanza kwenda yenyewe, taratibu, kuelekea korongoni. Dereva hakukanyaga breki, Mungu ambariki, likaja kuegemea ukingo. Nikashuka kuangalia tairi: udongo umejaa kwenye meno yote, kidole hakipiti.

Wanaume wakashusha jeneza, wakaliweka kwenye nyasi, tukalifunika kitenge. Wakasukuma. Magurudumu yanazunguka palepale, tope linaturukia mpaka kwenye vilemba. Ndipo mjomba akavua kofia, akaenda kuchuchumaa kwenye jeneza: "Shemeji, kama ni yule ng'ombe, nitamlipa. Waache watoto wapite." Huku nyuma dereva anatoa upepo, nasikia fiii, tairi zikalala zikawa pana. Likatoka. Hadi leo nusu ya ukoo wanasema ni upepo, nusu wanasema ni ng'ombe.

Utingo Mstaafu
Ni ng'ombe huyo.

Ndaga Fijo
Marehemu aligoma, mbona wazi. Ng'ombe alilipwa?

Mama Kikondo
Kabla ya arobaini.

Fundi Pancha
Acheni hizo, ni presha. Kwenye tope gari likiwa tupu unashusha kutoka PSI 35 hadi kama 20, tairi inakanyaga eneo kubwa. Ukifika lami jaza upesi, ikikimbia na upepo mdogo inachemka mpaka inapasuka. Ukiwa na viazi juu usithubutu kushusha hivyo.

Utingo Mstaafu
Sisi tulifunga cheni, tukashusha upepo, na mzigo ulikuwepo.

Fundi Pancha
Na pancha ngapi mzee wangu?

Utingo Mstaafu
Hilo hukuuliza.

Ndaga Fijo
Mjomba alikuwa anadaiwa ng'ombe wa mahari au wa kukopa?

Shamba Viazi
Jamani, tairi! Nina hela ya jozi ya nyuma tu, mbele nibaki na za lami, bado zina uhai.

Duka Mwanjelwa
Nyuma itashika, mbele itateleza, usukani unakata kona gari linanyoosha. Bora nne za Mchina zenye C kuliko mbili za jina kubwa.

Mnyalu wa Mafinga
Mimi nachanganya miaka yote, sijawahi kuanguka.

Fundi Pancha
Unabeba nini?

Mnyalu wa Mafinga
Mayai. Mafinga mjini.