Nithamini vipi stempu ya kumbukumbu ya Columbus ya mwaka 1893 iliyokwisha kutumika?

Mwenye Bahasha
Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Katika karatasi alizoziacha marehemu baba nimekuta bahasha yenye stempu ya Marekani ya senti 2, ya rangi ya zambarau inayoelekea kahawia, inayomwonyesha Columbus akiwa ameshuka pwani na wenzake, nayo imepigwa muhuri mweusi. Mfanyabiashara mmoja ameniambia kwamba kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 100 hakiwezi kuwa cha bei ndogo, akanishauri niiloweke ibanduke nimpelekee ikiwa peke yake. Nimesita. Ninyi mnaozijua stempu huanza kutazama wapi, na je, umri peke yake unatosha kuipa thamani?

Mkusanyaji
Usiiloweke, ndugu yangu, tafadhali sana. Nitaeleza sababu, lakini kwanza suala la umri. Stempu hiyo ilitolewa Januari 1893 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Chicago, ikiwa moja kati ya 16 za mfululizo huo, na kwa kuwa senti 2 ndiyo iliyokuwa nauli ya barua ya kawaida ndani ya Marekani, zilichapishwa zaidi ya bilioni moja. Ndugu yake ya dola 5, iliyotoka mwaka huohuo, haikufika nakala 30,000. Umri wao ni mmoja, ila thamani zao ziko mbali kama ardhi na mbingu.

Sasa muhuri. Wakati ule karani alikuwa akigonga mara moja kwa chombo chenye sehemu mbili: duara lenye jina la mji na tarehe, na kando yake doa zito la kuifuta stempu. Mara nyingi doa ndilo lililoangukia stempu, na duara likabaki kwenye karatasi ya bahasha. Ukiibandua, unabaki na stempu ya kawaida yenye doa, na tarehe umeitupa.

Itazame ilipo, kwa lenzi na mwanga mzuri. Je, picha imekaa katikati, au imeegemea upande mmoja hadi matundu ya kuchania stempu yanaikata? Je, meno yote ya pembeni yapo? Kwa mfululizo huu hesabu yake ni matundu 12 katika kila sentimita 2. Upande ulionyooka kabisa bila meno huenda umepunguzwa kwa mkasi. Tazama pia kama doa limemfunika Columbus mwenyewe au limegusa pembe tu, kwa sababu wanunuzi hupenda kuiona picha.

Msomaji wa Katalogi
Naafikiana na aliyetangulia, na naongeza jambo moja. Mtazame mtu wa tatu kushoto kwa Columbus: katika baadhi ya nakala kofia yake ina pengo, kana kwamba imemegwa. Wauzaji huitangaza nakala hiyo kama hazina, nami naona wanapotosha watu, kwa kuwa kasoro hiyo ilijirudia mara nyingi katika uchapaji na nakala zake si adimu. Huongeza thamani kidogo tu. Kuhusu kughushi usijisumbue sana, maana waghushi huhangaika na zile za dola, si za senti 2.

Mwenye Bahasha
Nawashukuruni. Nimeitazama asubuhi hii kwa lenzi. Kofia ni nzima, meno yote yapo isipokuwa moja fupi pembeni juu, na picha imeegemea kushoto kidogo. Duara la muhuri lipo kwenye bahasha kama mlivyosema: mwezi ni Machi na mwaka ni 1893, ila siku imefifia na jina la mji linasomeka nusu.

Mkusanyaji
Ingekuwa tarehe ya siku mbili za mwanzo za Januari, ningekusihi uipeleke kwa mtaalamu leo hii. Kwa Machi, na kwa jino lile fupi, ni bahasha ya kawaida, isiyo na bei kubwa, lakini ni safi na imekamilika. Ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki usio na PVC (aina ya plastiki inayoweza kuidhuru stempu), usiikunje, na jina la mji lisome chini ya mwanga wa ubavuni: wino uliofifia mara nyingi huonekana ukiinamisha karatasi. Ukilipata, tuandikie, kwa sababu ukiwa mji mdogo ambao mihuri yake haionekani mara kwa mara, hesabu yangu hii itabidi niibadilishe.